Kwa nini nchi ndogo humfuata mkubwa huyu na kumwacha hasimu wake?

Mdau wa Buguruni

Wakuu, heshima kwenu.

Pale Tazara, Barabara ya Nyerere inapokatana na ya Mandela, kituo cha reli kilijengwa na Wachina miaka ya 1970. Daraja la juu la Mfugale lililopo mbele yake, lililofunguliwa 2018, ni fedha za Japani. Nenda Ubungo: barabara za juu zimejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkandarasi Mchina. Daraja la Tanzanite ni mkopo wa Korea Kusini. Jengo la tatu la abiria uwanja wa ndege walijenga Waholanzi, na reli ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro wakajenga Waturuki. Yaani mtu akitoka Kipawa mpaka Oysterbay ameshapita kwenye mifuko ya nusu ya dunia.

Sasa, sisi tumekula meza zote hizo, lakini wapo wenzetu waliojifunga kwa mkubwa mmoja mpaka wakazama naye, na wapo waliohama kambi ndani ya miezi michache. Cuba, Somalia ya Siad Barre, Misri ya Sadat. Nauliza mambo matatu. Itikadi ina uzito gani hasa kwenye uamuzi huu? Nchi ndogo inachagua yenyewe au inasukumwa? Na anayehama analipa nini?

Naomba tusiletewe mafahali wawili na nyasi, hiyo tunaijua. Nataka miaka, nataka bei, nataka utaratibu wenyewe unavyokwenda.

Kisutu Kaskazini

Mkuu, weka katiba ya chama kando, chukua ramani. Andika majirani wa nchi unayoichunguza. Mtie alama yule anayeweza kuingiza vifaru ndani ya wiki moja. Halafu angalia jirani huyo anapata silaha kwa nani. Nchi yako, mara nyingi, utaikuta kwa hasimu wa huyo.

Pembe ya Afrika ndiyo darasa zuri kuliko yote. Ethiopia ya Haile Selassie ilikuwa na Wamarekani tangu miaka ya 1950. Pale Asmara walikuwa na kituo chao cha mawasiliano, Kagnew. Somalia inapata uhuru 1960, ina madai yake juu ya Ogaden, eneo la Ethiopia wanaloishi Wasomali, inatafuta jeshi. Mataifa ya Magharibi yakajitolea kuisaidia, lakini jeshi dogo tu, la ulinzi wa ndani, kwa sababu hawakutaka kumuudhi mteja wao wa Addis Ababa. Mwaka 1963 Sovieti wakaja na dau kubwa zaidi ya mara mbili. Wasomali wakachukua.

Hapo mkuu ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Serikali iliyochukua silaha za Moscow 1963 ilikuwa ya kiraia, imechaguliwa kwa kura, ina vyama vingi. Siad Barre hajaja bado. Yeye alipindua Oktoba 1969, na ujamaa wa kisayansi akautangaza 1970. Miaka 7 baada ya silaha! Cuba hivyo hivyo. Februari 1960 Sovieti wanakubali kununua sukari. Juni mafuta ghafi ya Kisovieti yanafika, Texaco, Esso na Shell wanakataa kuyasafisha kwenye viwanda vyao vya Cuba, Castro anavitwaa. Julai Marekani inakata mgawo wa sukari ya Cuba. Tangazo kwamba mapinduzi yale ni ya kijamaa likaja Aprili 1961. Sukari na mafuta vilitangulia, itikadi ikafuata kama risiti.

Rudi Somalia. Mwaka 1974 Haile Selassie anaangushwa na wanajeshi, baadaye Marekani inaanza kuupunguzia misaada utawala huo wa kijeshi, na kiongozi wake Mengistu anafunga Kagnew Aprili 1977 na Mei yuko Moscow. Julai Barre anaona dirisha, anaingia Ogaden. Sasa Moscow ina wateja wawili wanaopigana. Ikapiga hesabu: Ethiopia ina watu wengi zaidi mara kadhaa. Ikamchagua huyo. Tarehe 13 Novemba 1977 Barre akavunja mkataba wake wa 1974 na kuwafukuza washauri wa Kisovieti, na ndani ya wiki chache ndege za mizigo za Kisovieti zilikuwa zinashusha silaha Ethiopia, Wacuba wakafika kama 15,000. Machi 1978 Somalia imetoka Ogaden. Mwaka 1980 Barre anawapa Wamarekani bandari ya Berbera, ileile waliyokuwa wakiitumia Warusi.

Ndani ya miaka 3 nchi mbili zimebadilishana wakubwa kama watu wanaobadilishana viti kwenye daladala, na mpaka wao haukusogea hata hatua moja. Ugomvi wa Ogaden ndio ulioamua nani akae wapi.

Kipimo changu cha pili ni kidogo lakini hakikosei sana: tafuta nani alinyimwa nini, na nani. Nasser aliomba silaha Magharibi, akawekewa masharti. Septemba 1955 akatangaza mkataba wa silaha kupitia Czechoslovakia. Julai 1956 Marekani ikaondoa fedha za Bwawa la Aswan, wiki moja baadaye akataifisha Suez, na bwawa likaja kujengwa kwa mkopo wa Sovieti. Idi Amin naye: aliwaomba Waisraeli na Waingereza ndege za kivita, wakamnyima. Machi 1972 akawafukuza Waisraeli, akageukia Libya, kisha Moscow. Huyo hakuwa na itikadi yoyote ya kuandikia kijitabu.

Upanga Mashariki

Kisutu, ramani yako nzuri ila umeisahau kambi ya jeshi iliyoko mita mia tano kutoka Ikulu. Watawala wengi wa nchi ndogo hawalali usingizi kwa sababu ya askari wao wenyewe, jirani anakuja nafasi ya pili.

Hapa hapa Dar. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Siku 5 baadaye makomando wa Kiingereza wakatua kutoka melini na kumaliza uasi. Fikiria aibu ya nchi yenye uhuru wa miaka miwili kuokolewa na mkoloni wake wa juzi. Jeshi likavunjwa, likaanza kuundwa upya, na hapo swali la nani atafundisha likawa la siasa ya nje moja kwa moja. Mwaka uleule wakaja wakufunzi wachache wa Kichina. Mabalozi wa Magharibi wakapiga kelele. Jibu la Mwalimu lilikuwa fupi: baya kuliko yote linaloweza kutokea ni jeshi kuasi, na hao walioasi Januari walifundishwa na nani?

Chukua na Mali ya majuzi. Mapinduzi Agosti 2020, tena Mei 2021. Sheria ya Marekani inaizuia serikali yake kutoa misaada mingi kwa serikali iliyoingia kwa mapinduzi ya kijeshi. Hilo halina mjadala wa balozi, ni sheria ya bajeti. Ufaransa nayo ina wapiga kura wake. Kwa hiyo kanali aliyepindua ana orodha fupi sana ya watu wanaoweza kumuuzia helikopta na kumletea walinzi bila kumuuliza uchaguzi lini. Wagner, mamluki wa Kirusi, wakaingia mwishoni mwa 2021, Wafaransa wakamaliza kuondoka Agosti 2022. Niger ikapita njia hiyo hiyo baada ya Julai 2023, Wamarekani wakaiacha kambi ya Agadez waliyoijenga kwa zaidi ya dola milioni 100.

Hapo jirani gani ameingiza vifaru? Hakuna. Kinachotafutwa ni kinga ya mwenye kiti.

Kisutu Kaskazini

Dada Upanga, hilo nalikubali kwa Sahel. Ila 1964 umeitumia nusu. Baada ya uasi Mwalimu hakumkimbilia Mchina peke yake. Wajerumani Magharibi walipewa kazi ya ndege na boti za doria. Mapema 1965 wakaondoa msaada huo wa kijeshi kwa sababu ya ofisi ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki kufunguliwa Dar. Sera yao ilikuwa kwamba ukimtambua ndugu yetu wa Mashariki, sisi tunaondoka. Kilichofuata ndicho cha kujifunza: Mwalimu akawaambia basi chukueni na misaada iliyobaki. Kisha Canada ikaletwa kuziba pengo la anga mpaka 1970. Kila kikosi mwalimu wake. Huo ni ufundi wa kutomwachia mtu mmoja funguo zote za nyumba.

Fundi Geji

Mnazungumza silaha, mimi niseme reli, maana TAZARA inatajwa kila mara na watu hawajui mkopo wake ulikwendaje.

Zambia imepata uhuru Oktoba 1964, shaba yake inapita Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwenda bandari za kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith anajitangazia uhuru wa walowezi. Kaunda anahitaji njia ya bahari isiyopita kwa Smith. Benki ya Dunia ilikuwa imeshaangalia wazo la reli 1964 na kusema halilipi, boresheni barabara. Waingereza wakafanya upembuzi wao 1966, ukasema inawezekana, lakini fedha hazikutoka kwa yeyote. Hapo kanuni ya Kisutu ya mlango uliofungwa inafanya kazi barabara.

Mkataba na China ukasainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo: yuan milioni 988, bila riba, marejesho ya miaka 30, Tanzania na Zambia nusu kwa nusu. Ujenzi ulianza 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi.

Sehemu ambayo watu huiruka ni hii. Mkopo wa yuan haulipi mshahara wa kibarua wa Mlimba anayetaka shilingi. Sasa shilingi zilitoka wapi? China ilileta bidhaa: vitambaa, baiskeli, sufuria, vibiriti, karai. Mashirika yetu ya biashara ya umma yakaziuza madukani, na shilingi zilizopatikana zikaingia kwenye akaunti ya ujenzi kulipia gharama za ndani. Kwa hiyo aliyenunua sufuria ya Kichina Kariakoo 1972 alikuwa anachangia tuta la reli bila kujua. Ubaya wake: kiasi cha shilingi kinategemea bidhaa zinazouzika. Bidhaa zikidoda, gharama za ndani zinakwama, na wakati huohuo viwanda vya ndani vinavyotengeneza kitu kilekile vinabanwa. Hiyo ndiyo bei ya mkopo usio na riba. Haionekani kwenye mkataba, iko dukani.

La pili ni geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli. TAZARA ilijengwa milimita 1,067, sawa na reli ya Zambia na kusini yote. Reli yetu ya kati ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne hivi, na inatosha kuzuia behewa lisipite. Zinapokutana Kidatu, kontena inabidi inyanyuliwe kutoka behewa moja iwekwe jingine. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa kusudi lake, ambalo lilikuwa shaba ya Zambia. Lakini ndivyo msaada wa mkubwa unavyofanya kazi: unatatua tatizo la mwaka ule, kisha unabaki chini kwenye udongo miaka 50.

La tatu, injini. Zile za awali za Kichina, zilizotumia mfumo wa haidroliki, zilihangaika kwenye mlima kati ya Mlimba na Makambako. Miaka ya 1980 zikaletwa dizeli-umeme za muundo wa General Electric wa Marekani. Reli ya Mao ikapandishwa mlima na Mmarekani. Hakuna aliyeona haya.

Mdau wa Buguruni

Fundi hapo kwenye sufuria umeniua. Shukrani.

Swali langu la tatu bado halijaguswa vizuri. Kuhama. Kama nchi imeshapewa kila kitu na mkubwa mmoja, inahamaje?

Karakana

Kwa mateso, mkuu. Anza na kitu kidogo kabisa: risasi. SMG, yaani bunduki ya aina ya AK-47, inakula milimita 7.62 kwa 39. G3 ya Kijerumani inakula milimita 7.62 kwa 51. Kipenyo kilekile kwa jina, lakini ganda la pili ni refu kwa milimita 12, haliingii. Jeshi likibadili bunduki linabadili ghala zima la risasi, magazini, mikanda, mafundi silaha na kitabu cha kufundishia kuruta. Na kwa miaka kadhaa utakuwa na vikosi viwili vilivyo bega kwa bega visivyoweza kuazimana risasi. Hilo ndilo jambo rahisi.

Gumu ni ndege. Injini za ndege za kivita za Kisovieti za miaka ile zilikuwa na umri mfupi. Zinaruka saa mia kadhaa kisha lazima zifumuliwe kiwandani. Kiwanda hicho hakiko kwako. Maana yake mkubwa hahitaji kukupiga wala kukutukana. Anachelewesha tu meli ya vipuri, na baada ya mwaka mmoja ndege zako ni mapambo ya lango.

Misri ilipita hapo hatua kwa hatua. Julai 1972 Sadat aliwafukuza washauri wa kijeshi wa Kisovieti, maelfu kwa maelfu. Angalia lakini: hakuvunja mkataba wake na Moscow, na vita vya Oktoba 1973 alivipigana kwa silaha za Kisovieti. Alijua hawezi kuhama na kupigana kwa wakati mmoja. Mkataba aliuvunja Machi 1976. Vipuri vikakauka. Akaiomba India, iliyokuwa ikitengeneza MiG-21 kwa leseni ya Moscow, ikakataa. China, iliyokuwa imeshagombana na Sovieti na ilikuwa ikiunda nakala za ndege hizohizo, ikampa injini na vipuri. Amani na Israeli ikaja 1979, silaha za Kimarekani zikafuata, na tangu 1987 msaada wa kijeshi wa Marekani kwa Misri umekuwa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe: kutoka kufukuza washauri mpaka kutulia kwa mkubwa mpya ni miaka 7 na zaidi, na katikati alihitaji mtu wa tatu wa kumvusha.

Barre hakuwa na wa kumvusha. Alifukuza Novemba, vita vikiwa katikati, ghala lake lote ni la Kisovieti, na Marekani ikamwambia toka kwanza Ogaden ndipo tuzungumze. Ndiyo tofauti kati ya anayehama na anayefukuzwa na njaa.

Kwa hiyo anayetaka kuhama salama huanza na vitu visivyo na risasi ndani: malori, redio, sare, mafunzo ya maofisa nje, boti za doria. Ndege na rada ni mwisho. Ukiona nchi imeanza kupeleka makapteni wake chuo cha upande wa pili, hesabu miaka 10 mbele, wakiwa majenerali.

Karume Jumla

Wote mmezungumzia zawadi. Mimi naleta fimbo, na nitaileta kutoka sokoni Karume.

Machi 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni polepole, ndani ya miaka 3 hivi, ili viwanda vya nguo vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani wakapeleka malalamiko serikalini kwao, kwamba hawa wanaouza kwetu bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika, wanatufungia soko. Kenya, yenye viwanda vya kushona vinavyouza Marekani, ikajitoa mapema. Sisi na Uganda tukalegeza. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 ikaondolewa unafuu wa AGOA kwa nguo.

Ona aliyekaza ni nani: ambaye nguo zake zinazokwenda Marekani zilikuwa kidogo. Aliyelegea haraka ni mwenye ajira nyingi kwenye soko hilo. Nchi ndogo haichagui mkubwa kwa moyo. Inaangalia ni mlango upi ukifungwa utawaacha watu wengi zaidi mtaani.

Mfano mwingine ni wetu wenyewe. Machi 2016 Marekani, kupitia shirika lake la Changamoto za Milenia, ilisitisha kifurushi cha pili kwa Tanzania, dola milioni 472.8, nyingi za umeme, sababu zikiwa uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Kifurushi cha kwanza cha dola milioni 698 kilishamalizika 2013. Fedha za ruzuku zikiondolewa hivyo katikati ya mipango, waziri wa fedha anafanya nini? Anatafuta mkopo kwa asiyeuliza maswali hayo, au anatumia kodi. Bwawa la Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, limejengwa na Wamisri kwa fedha zetu. Watu husema tulihamia Mashariki. Mimi naona tulihama kutoka kwenye masharti.

Mdau wa Buguruni

Na kura za Umoja wa Mataifa? Machi 2022 juu ya Ukraine tulikaa kimya, Kenya ikapiga ndiyo. Si kuegemea huko?

Upanga Mashariki

Tarehe 2 Machi 2022: ndiyo 141, hapana 5, waliojizuia 35, na wengine 12 hawakupiga kabisa. Tanzania, Uganda, Burundi, Msumbiji na Afrika Kusini wamo kwenye 35. Kura ile haikuwa na nguvu ya kisheria, na kila mtu ukumbini alilijua hilo. Kwa nchi ndogo kura ya namna hiyo ni barua ya salamu: unamwandikia nani, na unataka asome nini. Kujizuia ni kutoandika.

Usidhani hata hivyo ni bure. Mwaka 1971 Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliowasilisha azimio lililoipa China ya Beijing kiti chake, na balozi wetu Salim Ahmed Salim alionekana akishangilia ukumbini. Miaka 10 baadaye akagombea Ukatibu Mkuu. Marekani ikamwekea kura ya turufu raundi baada ya raundi. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati huo, mara 16, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na akapita Javier Pérez de Cuéllar. Wengi wanaunganisha matukio hayo mawili, na mimi ni mmoja wao. Deni lililipwa na lilidaiwa siku moja.

Kisutu Kaskazini

Mkuu Buguruni, umalizie na wale wanaokataa kuchagua, maana swali lako la mwanzo lilikuwa juu yao.

Djibouti ina watu milioni moja hivi, haina mafuta, ila ina mlango wa Bab-el-Mandeb, unaoingia Bahari ya Shamu. Ufaransa ipo tangu ukoloni, Wamarekani wapo Camp Lemonnier, Japani ikafungua kambi 2011, China 2017, na Waitaliano wapo. Mwaka 2014 Marekani ilisaini upya kwa dola milioni 63 hivi kwa mwaka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Djibouti imefanya fimbo zote zihifadhiwe kwake, kwa kodi. Kila mpangaji ni dhamana dhidi ya mpangaji mwenzake, na wote kwa pamoja ni dhamana dhidi ya Ethiopia na Eritrea.

Vietnam ni ufundi wa juu zaidi. Jirani wa kuogopwa ni China, waliopigana naye Februari 1979. Silaha zake nyingi ni za Kirusi. Soko lake kubwa la nje ni Marekani. Septemba 2023 ikampokea Biden na kupandisha uhusiano daraja la juu kabisa, Desemba ikampokea Xi, Juni 2024 Putin. Haiweki kambi ya kigeni, haiingii mkataba wa kijeshi na yeyote. Lakini hiyo ni nchi ya watu karibu milioni 100 yenye jeshi lililopigana. Nchi ya watu milioni 3 ikijaribu mchezo uleule bila bandari wala madini, wakubwa wanaweza tu kutoitembelea.

Mdau wa Buguruni

Na Zambia? Naona wanacheza na huku na huku.

Fundi Geji

Zambia ina bahati ya shaba na bahati ya geji. Reli ya Benguela inayokwenda bandari ya Lobito, Angola, ambayo Marekani imeiwekea mkopo wa dola milioni 553 kupitia taasisi yake ya fedha za maendeleo, ni milimita 1,067. TAZARA, ambayo Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Kichina CCECC kwa miaka 30 na uwekezaji wa dola bilioni 1.4, nayo ni milimita 1,067. Kwa hiyo siku ambayo kipande kipya cha kuiunga Zambia na Angola moja kwa moja kitakapojengwa, behewa lilelile la shaba litaweza kwenda magharibi kwa Mmarekani au mashariki kwa Mchina bila kunyanyua kontena hata moja. Msafirishaji atalinganisha siku na bei ya tani, basi.

Sisi upande wetu tuna geji tatu nchi moja: 1,000 ya reli ya kati, 1,067 ya TAZARA, 1,435 ya SGR. Kontena la Lubumbashi likifika hapa Kurasini, ukitaka kujua limepita mikono ya nani, usisome lebo yake. Uliza limenyanyuliwa mara ngapi.